Maksai Hajui Maswa

Vijana, mliniomba niandike mambo ya kazi yetu ya pikipiki, nami nimewazungusha mwaka mzima. Leo nimeshika kalamu kwa sababu moja tu: nisipoishika, nitatembea. Tangu saa mbili asubuhi nimekwenda barabarani na kurudi mara saba. Mama Kabula, mke wangu, amenitazama akachoka. "Baba Kabula, kaa chini bwana, utachimba mtaro mbele ya nyumba." Nimekaa. Daftari hili ni la mjukuu, kurasa za mbele zina hesabu zake, mtanisamehe.

Ninachosubiri ni mlio. Rafiki yangu Jilala ameondoka leo kwenda Lalago kumwona dada yake, kupitia Maswa, akiwa juu ya pikipiki yake ya zamani ya tu-stroki. Mimi ndiye niliyeifufua na kuiseti. Jilala ana miaka sitini na nne na goti la kulia lisilokunja. Ameuweka mguu wake kwenye kikanyagio nilichomchomelea mbele, mguu umenyooka kama anaonyesha njia, na hawezi hata kupiga kiki mwenyewe. Nimempigia mimi. Akanishukuru, "Wabeja, fundi," akaondoka na moshi wake, wala hakugeuka nyuma.

Goti hilo lina habari yake. Nitaisema humu humu, nikipata moyo. Kwanza kazi.

Ninyi mmekuta pikipiki zenye oili yao tumboni. Mnamwaga ya zamani, mnatia mpya, mnaondoka. Tu-stroki haina anasa hiyo. Oili yake inachanganywa na petroli ndani ya tangi, inapita kwenye kabureta, inaingia kwenye injini ikiwa ni kinywaji kimoja. Kinachochomwa na kinachoilainisha vimekuja pamoja. Kwa hiyo shikeni hili kabla ya mengine yote: ukiinyima petroli, umeinyima na oili. Mtu aliyelielewa hilo ameshajua nusu ya kazi, na mimi nililijua kwa mdomo miaka mingi kabla sijalijua kweli.

Kulikuwa na mwalimu wa shule kule Lingeka, mtu mpole sana, oili ilimwishia njiani. Akafikiri: oili ni mafuta, na mafuta nyumbani yapo. Akatia kwenye tangi mafuta ya pamba ya mke wake, yale ya kupikia. Injini ikawaka! Akaja nayo mpaka Bariadi, na njia nzima ilinukia maandazi. Alipoingia mtaani kwetu, watoto walikuwa wanamfuata wakidhani amebeba kitafunwa. Tulipoifungua, ringi zilikuwa zimeganda kwenye pistoni kwa utomvu wa kahawia, hata bisibisi ilikuwa inateleza. Mwalimu akauliza kwa upole, "Kwani haikupenda?" Mzee Luhende alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo Mzee Luhende ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fita, fundi wa mitambo, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kabla ya kufungua karakana. Kiwanda kilipobadilisha mitambo, rola moja kuukuu la chuma lilitupwa nje kwenye majani. Akaliomba. Lililetwa na wanaume wanane wakipumzika kila hatua ishirini. Akachimba shimo ndani ya karakana, akalilaza rola humo juu ya beringi mbili, ukabaki mgongo wake tu umetokeza sakafuni. Huyo ndiye Maksai.

Kwa lugha yenu Maksai ni daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini. Mmoja wenu alinipeleka Mwanza nikaiona ya kisasa, ina feni kubwa mbele na kompyuta pembeni, na inachora mstari unaopanda na kushuka. Niliipenda, sisemi uongo. Yetu ilikuwa hivi: gurudumu la nyuma linakaa juu ya mgongo wa rola, la mbele linabanwa kwa mbao, kamba mbili zinafungwa kwenye nguzo. Waya wa spidomita umeunganishwa mwisho wa rola. Unaweka gia ya tatu, unafungua mafuta yote, na mwenye saa ya mkononi anahesabu: kutoka thelathini kufika sabini, sekunde ngapi? Injini dhaifu inachelewa kulizungusha rola lile. Yenye nguvu inaliwahi. Sekunde zikipungua, nguvu imeongezeka, hakuna ubishi.

Tulikuwa tunaandika sekunde za kila mtu kwa chaki kwenye mlango wa mbao. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, kwa sababu Msukuma mwonyeshe ng'ombe wa jirani yake tu, hatalala. Watu walikuwa wanakuja kusoma mlango wetu kabla ya kwenda sokoni. "Fulani amepata tisa? Na mimi nipandishe kwa Maksai!"

Siku moja kamba ya mkonge ilikatika nikiwa juu. Pikipiki iliruka kutoka kwa Maksai ikiwa na mafuta yote, ikapasua ukuta wa matete, ikaingia kwa kinyozi jirani yetu. Mimi nilibaki nimekaa sakafuni, mikono imeshika hewa. Mteja wa kinyozi alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Alikimbia na kitambaa shingoni, na kwa siku mbili alizunguka mji na nusu ya nywele zake, hataki kurudi. Tangu siku hiyo nilitumia kamba za kufungia magogo, nne, na kila moja naivuta mwenyewe. Ukifungiwa kamba na mwenzako, ikague tena, hata kama mwenzako ni ndugu yako.

Subirini. Kuna mlio.

Ni bodaboda tu, imebeba godoro. Nimerudi.

Nilikuwa nasema juu ya Maksai. Mzee Luhende alikuwa na neno lake, alilirudia mpaka wateja wakalijua: "Maksai hajui Maswa." Maana yake ni hii. Kipimo cha kwenye rola ni sekunde saba, nane, kisha unafunga mafuta. Injini inaanza kupata joto, wewe umeshamaliza. Lakini mtu akitoka hapa kwenda Maswa anafungua mafuta dakika kumi bila kuachia, amebeba mzigo, upepo unamsukuma kifuani. Maksai hana upepo, hana kilima wala gunia. Yeye anajua sekunde zake tu.

Na tu-stroki ina tabia mbaya moja. Ukiipunguzia petroli kidogo, ikavuta hewa zaidi, inapata nguvu. Ukipunguza tena, inaongeza tena. Mlio wake unakuwa mkali, msafi, hata mwili unakusisimka. Inakusifu, inakusifu, kisha inaua. Pistoni inavimba kwa joto, oili imepungua pamoja na petroli, inashika ukuta wa silinda na kukwama palepale. Gurudumu la nyuma linaganda ukiwa kwenye mwendo. Kama vidole vyako havikuwa kwenye klachi tayari, umeanguka kabla ya kujua kitu gani kimekuangusha.

Ndiyo maana kuna plagi. Fundi wa tu-stroki anaijua injini kwa kutazama plagi, na hasomi plagi ya injini iliyokuwa inanguruma taratibu. Unakwenda barabarani penye mnyooko, unafungua mafuta yote kwa muda, kisha kwa mara moja unashika klachi na kuzima injini hapohapo, inakuja kusimama yenyewe. Unaitoa plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, injini imelewa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mpe mteja wako pikipiki yake akalale. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini ina njaa na inakwenda kufa, hata kama mlango unasema umekuwa bingwa. Mzee Luhende hakukubali sekunde iandikwe mlangoni kabla hajauliza: plagi ilikuwa na rangi gani?

Simu hiyo. Ngojeni.

Ni yeye. Yuko Binza, kwa binti yake, anapewa chai.

"Injini?" nikamwuliza, wala sikumsalimia.

"Injini gani?"

"Jilala!"

"Ipo, inanguruma. Umeifanya nzito lakini. Pikipiki za watoto zinanipita."

"Acha zikupite. Umepita pale?"

Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Nimepita," akasema. "Sasa kuna lami. Sikupatambua mpaka nilipouona ule mti wa mgunga uliokatwa kichwa."

Akakata simu. Mama Kabula ameniuliza kama nina njaa, nikamwambia ndiyo. Ameniletea kiazi. Kiazi kipo hapa, hakijaguswa.

Basi niseme.

Jilala enzi hizo alikuwa karani wa mizani ya pamba. Msimu ukifika anazunguka vijijini na pikipiki yake hiyo hiyo, na aliipenda kuliko nguo zake. Mlangoni kwetu alikuwa na sekunde nane. Aliyekuwa juu ya wote alikuwa katekista mmoja wa hapa mjini, mtu mfupi mwenye sauti ya kuimbia, alikuwa na saba. Jilala hakuweza kuvumilia. Kila akija: "Mabula, nitashindwaje na katekista? Yeye ana Mungu, mimi nina wewe." Mnaona maneno hayo? Na mimi nilikuwa kijana bado, mikono imeanza kujulikana, wateja wameanza kuniulizia mimi badala ya mzee. Neno kama hilo linaingia mpaka kwenye mifupa.

Wiki hiyo Mzee Luhende alikuwa kwao, shambani. Nikabaki mwenyewe na funguo. Jeti ndogo za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, zilikuwa hazipatikani, tulizitengeneza wenyewe: unaziba tundu la jeti kwa risasi ya kuchomelea, unalitoboa upya kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, mwembamba unavyotaka. Alinifundisha mzee, na kazi hiyo naijivunia hata leo. Nilianza mchana. Jeti ya kwanza, sekunde saba na nusu. Nikatoboa nyingine nyembamba zaidi, saba kamili. Jilala ameshika saa, anaruka kama mtoto. Watu wamejaa mlangoni. Ya tatu, sita na nusu. Na mlio, vijana wangu! Niliusikia mle ndani mlio mdogo kama karanga zinazopasuka kikaangoni. Ni sauti ya injini inayolia joto. Niliijua. Nilijiambia ni kamba zinagonga nguzo.

Ya nne, sita.

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kupigiwa tena. Sikuandika kwa chaki. Nilichukua rangi nyekundu ya mafuta na brashi, nikaandika SITA, na jina lake chini. Kisha jua lilikuwa limeshuka, Jilala ana safari asubuhi, na mimi sikutaka kwenda barabarani kutoa plagi. Niseme vizuri: niliogopa plagi ingeniambia nini. Hiyo ndiyo habari yote. Sikusahau, wala sikukosa muda.

Asubuhi akafunga magunia matupu ya pamba nyuma, mzigo mwepesi lakini mpana, unashika upepo kama pazia. Barabara ya Maswa ilikuwa ya changarawe, imetoka kuchongwa, laini. Kwenye mnyooko penye ule mgunga, injini ilikwama. Alitupwa. Mguu ulivunjika chini na juu ya goti, na alilala pale mpaka wachunga ng'ombe walipomwona, wakamtafutia mkokoteni.

Nilipofika hospitali aliniambia mwenyewe, mbele ya watu: "Mbuzi alikatisha." Nami nikashika hilo la mbuzi kwa mikono miwili. Pikipiki ililetwa kwa mkokoteni siku ya pili. Niliifungua peke yangu, mlango nimefunga. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo minne, upande wa ekzosi, kama imepigwa kucha. Plagi haikuwepo kabisa kwenye silinda. Nikafikiri watoto wachunga ng'ombe wameichukua kuchezea, na nitawaambia kweli: nilifurahi. Nilifurahi haipo.

Mzee Luhende aliporudi alisimama mbele ya mlango muda mrefu, mikono nyuma. Hakuuliza juu ya mbuzi.

"Plagi ilikuwa na rangi gani?"

"Chai ya maziwa, mzee."

Alinitazama. Akaingia ndani akaanza kupanga spana zake. Aliishi miaka kumi baada ya pale, alinifundisha mengi, akaniachia karakana na Maksai, na hakuniuliza tena. Nilimzika nikiwa na uongo huo mfukoni.

Sasa mnajua kwa nini sikuwaandikia mwaka mzima. Ule mlango ninyi mnaupiga picha. Mnamwonyesha mgeni, "Mzee wetu huyu alitoa sita, na hakuna aliyeifikia mpaka leo." Mmoja wenu aliiweka kwenye fulana. Nimetamani kuupasua mlango ule kuni, na nimeogopa mtaniuliza kwa nini. Katekista wa watu alikufa akiamini ameshindwa na fundi bora.

Saa sita na robo. Ujumbe umeingia: NIMEFIKA LALAGO. KURUDI NITASUKUMWA NA WAJUKUU. Sawa. Nusu imekwisha.

Lakini nusu ya kurudi ndiyo yenye upepo. Mchana huku kwetu upepo unabadilika, utampiga kifuani kutoka Maswa mpaka hapa. Nimempa oili kwenye chupa, nimeipima mwenyewe, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito ITIE YOTE. Je, akikuta dada yake ameiweka jikoni? Namkumbuka mwalimu wa Lingeka na sicheki.

Niwaambie nilivyoiseti safari hii, mikono ipate kazi. Pikipiki ilikaa kwenye banda lake miaka yote hiyo, kuku wakitagia kwenye kiti. Mwezi uliopita alikuja na fimbo yake akakaa kwenye kreti ya soda. "Mabula, ile njia nilirudishwa kwa mkokoteni. Nataka kuipita kwa magurudumu yangu kabla sijafa. Nitengenezee." Ningemwambiaje hapana? Nilimpa pistoni mpya, ringi mpya, nikasafisha kabureta mpaka nikaliona jua kwenye kila tundu. Jeti nikatia kubwa. Nikaipandisha kwa Maksai, mmoja wenu akapima kwa simu yake: sekunde nane na nusu. Kijana akanihurumia. "Mzee, tupunguze kidogo tu, nane itafika." Nikamfokea, na leo namwomba radhi. Kisha nilikwenda nayo barabarani mara tano, nikazima injini mara tano, nikatoa plagi mara tano. Chai ya maziwa, zote. Hata juzi usiku usingizi ulipokataa nilijua ni chai ya maziwa. Lakini kujua na kukaa kwenye kiti ni vitu viwili.

Saa tisa na nusu. Saa kumi. Aliniambia saa kumi.

Simu yake haipatikani. Mama Kabula ameacha kunisema, naye sasa anatoka nje kuangalia, anajifanya anaanua nguo ambazo hazijakauka. Nimemwita kijana wa bodaboda nimwambie anipeleke mpaka Maswa tukaangalie njiani, ameniambia anamalizia chakula. Chakula! Nimevaa koti. Nimevua koti. Namwona pale, chini ya mgunga, namwona na magunia, ingawa leo hana magunia.

Hapo nimeandika kwa haraka, mnisamehe mwandiko. Yanayofuata nimeyaandika siku ya pili yake, nikiwa nimekaa.

Nilikuwa nimeshapanda nyuma ya bodaboda nilipousikia. Mlio wa tu-stroki huwezi kuufananisha, unatangulia mwenyewe dakika nzima. Ulikuwa mzito kidogo, umeshiba, hauna karanga ndani yake. Nikashuka. Alitokea kwenye kona akiwa mwekundu kwa vumbi, mguu umenyooka mbele, na kuku wawili wamening'inia kwenye usukani wakiwa hai na wamekasirika.

"Umechelewa!" nikampigia kelele, hata sikumpa pole ya safari.

"Dada yangu alikuwa anawakimbiza hawa," akasema. "Simu imekufa. Wewe mbona umevaa koti kwenye joto hili?"

Nikamshika akashuka. Nikamwambia tusiingie ndani kwanza. Vijana watatu kati yenu mlikuwepo, nikaona afadhali msikie. Nikasema, "Jilala, hakukuwa na mbuzi. Niliipunguzia petroli mpaka ikakwama. Nilisikia inalia nikanyamaza. Mimi ndiye niliyekuvunja mguu." Maneno yalitoka vibaya, na machozi nilishindwa kuyazuia mbele ya watoto wa watu.

Alifungua kitufe cha mfuko wa shati. Akatoa kitambaa, akakifungua polepole kama mtu anayetoa dawa. Ndani mlikuwa na plagi. Kutu imeila chini, lakini kwenye ncha ilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Nililala pale muda mrefu," akasema. "Pikipiki ilikuwa karibu nami, spana iko mfukoni. Wewe si ulitufundisha, injini ikifia kwenye mwendo, toa plagi kabla hujamlaumu mtu? Nikaitoa. Iliniunguza vidole."

"Ulijua siku zote?"

"Nilijua kabla mkokoteni haujafika."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hana karakana, ng'wanawane. Ningekutaja wewe, ungeacha kazi. Nani angebaki hapa kututengenezea?" Akafuta uso kwa kile kitambaa. "Halafu nikawa nasubiri useme. Nikaona unazeeka. Nikasema ngoja nimwombe aitengeneze tena, tuone."

Yeye akasonga na fimbo yake mpaka kwenye pikipiki, akaniambia nitoe plagi, maana ameizima kwenye mwendo pale kwenye kona kusudi. Kumbe ndiyo sababu mlio ulikatika mwishoni na akaja kusimama kwa kuteleza. Nikaitoa. Ilikuwa ya moto, nikaishika kwa koti. Tukaziweka mbili kwenye kiganja changu, nyeupe na ya chai.

Nilikwenda moja kwa moja na msasa kwenye mlango wa karakana, hapo hapo kando ya nyumba. Nilitaka kuiondoa ile SITA. Jilala akanizuia kwa fimbo kifuani.

"Acha hiyo. Hiyo ni yangu, nimeilipa kwa goti. Leta rangi."

Mama Kabula akaleta kopo, limekauka juu, tukalitoboa kwa msumari. Jilala alishindwa kuinua mkono vizuri kwa uchovu, nikaandika mimi, na vijana mkaniangalia bila kupiga picha. Ndivyo mlango ulivyo leo, njooni mkausome:

SITA. JILALA. PLAGI NYEUPE.

NANE NA NUSU. JILALA. CHAI YA MAZIWA.

Alisoma, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ili ninyi msisikie kama siwezi kuishusha mpaka nane tu, watoto wa bodaboda wamemdharau sana huko njiani. Nikamwambia hapana. Ni mara ya kwanza kumwambia mteja neno hilo. Tukaingia ndani, Mama Kabula akamchukua kuku mmoja.